Bakteria Walao Plastiki: Je, Tuwangoje?

Siku hizi husemwa hapa shuleni, na hata majumbani kwa wazee wetu, kwamba wataalamu wamegundua bakteria walao plastiki. Wengine wakisikia hivyo hufurahi kupita kiasi. Husema, "Basi mbona twasumbuliwa kila Jumamosi kuokota chupa na mifuko? Waachiwe hao bakteria kazi yao." Kwa kuwa neno hili nimelisikia mara nyingi, nami ni mwanachama wa Chama cha Sayansi, nimeona yafaa nilieleze katika gazeti letu: lipi ni kweli, lipi si kweli, na latuhusu nini sisi tukaao Ulyankulu.

Neno lenyewe ni kweli. Bakteria hao wapo, wana jina, na kazi yao imepimwa. Lakini si kila plastiki huliwa, wala mlaji mmoja hali plastiki zote. Jambo hili dogo ndilo linalosahauliwa, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Kuoza ni kuliwa

Nchi yetu iko karibu na njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kwenda pwani, na misafara ya kurudi bara ilileta merikani, kaniki, waya na shanga. Vitambaa vile vilivyopita hapa, mizigo kwa mizigo, viko wapi leo? Vimekwisha. Lakini wachimbuzi wa mambo ya kale wakichimba penye makao ya zamani, mara nyingi huokota shanga za kioo zilizo nzima kabisa.

Sababu ni nyepesi. Merikani ilikuwa pamba, na pamba ni selulosi, kitu kile kile kilichomo katika nyasi na miti. Tangu miti ilipoanza kuota duniani wamekuwapo viumbe wadogo wanaokula selulosi. Kioo hakina mlaji. Kwa hiyo tunaposema kitu kimeoza, maana yake kimeliwa. Na kitu kisichokuwa na mlaji hakiozi, hata kikikaa ardhini miaka mingi.

Bakteria hana kinywa wala meno. Atakulaje kipande cha kitambaa kilichomzidi ukubwa mara maelfu? Hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake. Vimeng'enya si viumbe. Ni protini zenye umbo maalumu, na kazi yake ni kukata vitu vikubwa kuwa vipande vidogo sana. Vipande hivyo huyeyuka katika maji, naye bakteria huvifyonza.

Sisi wenyewe tunavyo. Chukua tonge la ugali mtupu, usichovye mchuzi, ulitafune taratibu kwa dakika tatu au nne bila kumeza. Utaona utamu unaanza kuja. Kimeng'enya kilichomo katika mate kimekata wanga kuwa sukari. Mama zetu pia hutumia vimeng'enya wanapotengeneza togwa. Huloweka mtama au ulezi mpaka uote, huukausha na kuusaga, na hicho ndicho kimea. Uji mzito ukiisha kupoa kidogo, ukatiwa kimea, huwa mwepesi na mtamu. Lakini kimea kikitiwa katika uji unaochemka hakifanyi kazi, kwa sababu moto mwingi huharibu vimeng'enya. Mambo haya mawili msomaji ayaweke moyoni, maana tutayarudia: kwamba kimeng'enya hukata, na kwamba kila kimeng'enya kina joto lake.

Jambo la tatu ni kwamba kila kimeng'enya kina kazi yake moja. Wanga na selulosi vyote viwili vimejengwa kwa sukari ya namna moja, ila vimeunganishwa kwa njia mbalimbali. Tofauti hiyo ndogo yatosha kutufanya tushibe kwa mahindi na tusiweze kushiba kwa magunzi.

Tulivyojaribu katika bustani

Mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza, sisi wa Chama cha Sayansi tulifukia vitu vinne katika bustani ya shule, kila kimoja katika shimo la kina cha kiganja kimoja: jani la mgomba, kipande cha kanga ya pamba chenye pindo, mfuko mwembamba wa plastiki, na chupa ya maji ya kunywa. Tuliweka vijiti vya alama, tukaviacha mpaka mwezi wa Aprili.

Tulipofukua, jani la mgomba halikuonekana hata kidogo. Kanga ilikuwa imebaki nyuzi chache nyeusi zilizokatika tulipozigusa. Mfuko ulikuwa mfuko, na chupa ilikuwa chupa, tuliziosha zikang'aa. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hatukulitazamia. Penye shimo la kanga tulikuta uzi wa pindo umebaki peke yake, mzima, umejikunja kama ulivyoshonwa, na nguo yenyewe haipo.

Tulipomwuliza mwalimu wetu wa kemia alitueleza kwamba mafundi cherehani wengi siku hizi hutumia uzi wa poliesta, na kwamba uzi huo na chupa ya maji ni kitu kimoja. Plastiki hiyo huitwa PET. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya wapiga chapa vitambaa. Ilianza kama nyuzi za nguo. Chupa zilikuja baadaye, katika miaka ya 1970. Basi hata sare nyingi za shule, zile zisizokunjamana upesi, zina PET ndani yake.

Penye viungo na pasipo viungo

Plastiki zote ni minyororo mirefu ya molekuli, lakini minyororo hiyo si sawa. Tumtazame muuza nyama hodari akigawa mbuzi. Hapigani na mfupa. Hutafuta kiungo, akaingiza ncha ya kisu pale, na paja likaachana na nyonga. Kimeng'enya hufanya vivyo hivyo. Mnyororo wa PET una viungo: kila baada ya hatua chache pana mahali penye oksijeni ambapo maji yaweza kuingizwa na mnyororo ukaachana. Mnyororo wa polithini, yaani plastiki ya mifuko, ni kaboni juu ya kaboni tangu mwanzo hata mwisho. Ni kama mfupa mmoja mrefu usio na kiungo. Kisu kitaingilia wapi?

Jambo hili nililiona kwa macho yangu mwaka juzi. Ng'ombe wa baba yangu mdogo alikonda siku baada ya siku, akaacha kucheua, mwisho akafa. Alipopasuliwa, tumboni mlikutwa bonge la mifuko na kamba za plastiki, kubwa kama mpira wa miguu. Baba mdogo alikuwa amemtengea ng'ombe huyo kulipia ada ya binti yake.

Nimelifikiri sana bonge lile. Tumbo la kwanza la ng'ombe ni nyumba ya bakteria wasiohesabika. Hao ndio wanaomeng'enya nyasi, kwa maana ng'ombe mwenyewe hawezi. Kama pana mahali ambapo bakteria wangeweza kula mfuko, si pale penye joto, unyevu na majeshi yao? Hata hivyo mifuko ilitoka mizima. Na la ajabu zaidi ni hili: mwaka 2021 wataalamu wa Austria walichukua maji ya tumbo la ng'ombe kutoka machinjioni, wakaona kwamba yanaweza kuvunja kiasi plastiki za jamii ya poliesta, ikiwamo PET. Tumbo lile lile laweza kuimega PET kidogo kidogo, lakini mifuko ya polithini haikuguswa. Sababu ni ile ya viungo. Ngozi nyororo ya juu ya majani ina kitu kiitwacho kutini, chenye viungo vinavyofanana na vile vya PET. Walaji wa majani wamezoea kuvikata tangu zamani.

Bakteria wa Sakai na kimeng'enya cha majani

Sasa tuwaendee hao bakteria wenyewe. Katika mji wa Sakai, nchini Japani, pana mahali palipokuwa pakikusanywa chupa za PET ili zitengenezwe upya. Wataalamu wa Kijapani walichukua sampuli 250 za udongo, matope na maji machafu yaliyochanganyika na taka za chupa, wakatafuta kama yupo kiumbe anayeishi kwa kula plastiki hiyo. Mwaka 2016 walitangaza kwamba wamempata, wakamwita Ideonella sakaiensis kwa heshima ya mji ule. Bakteria huyu hutumia vimeng'enya viwili. Cha kwanza hukata mnyororo wa PET kuwa vipande vifupi, cha pili huvimaliza vipande hivyo mpaka vikawa vitu viwili vilivyotumika kuitengeneza PET hapo mwanzo. Katika joto la nyuzi 30 za Sentigredi, ambalo si geni hapa kwetu, alimaliza karibu utando wote mwembamba wa PET kwa muda wa wiki sita.

Msomaji aangalie maneno yale: utando mwembamba, wiki sita. Ukuta wa chupa ni mnene zaidi, na molekuli zake zimepangwa kwa kubanana, hata kimeng'enya hakipati nafasi. Ndiyo maana hatuwezi kummwaga bakteria huyu juu ya jalala tukaenda kulala.

Wataalamu wengine walipita njia nyingine. Mwaka 2012 Wajapani walikuwa wamepata katika mboji ya majani na matawi kimeng'enya kinachokata kutini, wakaona kwamba kinakata PET pia. Wafaransa wa Toulouse wakakichukua, wakakibadili hapa na pale ili kiweze kuvumilia joto, na mwaka 2020 walitangaza kwamba kwa nyuzi 72 za Sentigredi kiliweza kuvunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10. Joto hilo lingeharibu kimea chetu mara moja, nalo laweza kuunguza mkono. Lakini ndilo linaloilegeza PET ili kimeng'enya kipenye. Zaidi ya hayo, chupa ilisagwa na kulainishwa kwanza. Kazi hiyo hufanyika ndani ya pipa la kiwandani, nacho kinachopatikana chaweza kutengenezwa chupa mpya. Haifanyiki jalalani.

Habari njema kutoka Nairobi

Huenda mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya Japani na Ufaransa. La, hata Afrika Mashariki imo. Nairobi, katika eneo la Kasarani, pana taasisi ya utafiti wa wadudu iitwayo ICIPE, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya. Mwaka 2024 wataalamu wake, wakiongozwa na Dokta Fathiya Khamis, walitoa habari za mabuu wa mbawakawa wadogo wa jamii ya Alphitobius. Mabuu hao wanaweza kula polistirini, ile plastiki nyeupe na nyepesi inayozungushiwa televisheni na friji zisivunjike.

Wataalamu waliwagawa mabuu makundi matatu. La kwanza lilipewa polistirini peke yake, la pili pumba peke yake, la tatu vyote viwili. Baada ya mwezi na zaidi waliona kwamba mabuu waliopewa mchanganyiko waliishi vizuri kuliko waliopewa plastiki tupu, na walivunja kama asilimia 11.7 ya polistirini yote. Jambo hili halishangazi: hakuna mfanyakazi afanyaye kazi njema kwa njaa. Walipochunguza matumbo ya mabuu walikuta bakteria mbalimbali, kama Kluyvera na Klebsiella, ambao yaelekea ndio watoao vimeng'enya vya kazi hiyo.

Wataalamu hawa hawakusema tufuge mabuu kwa mamilioni na kuwamwaga majalalani. Nia yao ni kuwajua bakteria na vimeng'enya vyao, ili hivyo vitumike mahali panapofaa.

Neno kwa wafuga nyuki

Mkoa wetu wa Tabora wasifiwa kwa asali na nta, kwa hiyo wazazi wengi wanamjua nondo wa nta, adui wa mizinga. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja aliyekuwa Hispania, Federica Bertocchini, ambaye pia alifuga nyuki, alieleza kwamba aliwatoa mabuu wa nondo huyo katika mzinga akawatia katika mfuko wa plastiki, na baada ya muda mfupi mfuko ukawa na matundu. Mwaka 2022 yeye na wenzake walieleza kwamba katika mate ya mabuu hao mna vimeng'enya viwili vinavyoanza kuishambulia polithini. Huenda sababu ni kwamba nta nayo ina minyororo mirefu ya kaboni, karibu kama ya polithini.

Habari hii ni ya maana sana, kwa kuwa polithini ndiyo iliyokuwa ikisemwa haina mlaji. Lakini toka kuanza kuishambulia hata kuimaliza bado ni mbali. Tena nawasihi wazazi, mtu yeyote asije akafuga nondo huyo kwa kutumaini kula mifuko. Akiwa karibu na mizinga atakula nta kwanza.

Kusagika si kumeng'enywa

Wengine hupinga kwa kusema, "Mbona mfuko ukikaa juani miaka miwili hupukutika wenyewe?" Ni kweli hupukutika. Lakini mahindi yakiisha kupita mashineni, je, yameacha kuwa mahindi? Yamekuwa unga, nao unga ni mahindi. Plastiki iliyovunjwa na jua ni unga wa plastiki. Minyororo imefupika kidogo tu, haijaliwa. Unga huo huchukuliwa na upepo na maji ya mvua mpaka mashambani na visimani, na hapo hakuna awezaye kuuokota tena. Na kuchoma je? Moshi wa plastiki una sumu, nao huingia vifuani mwa watoto na wapishi walio karibu.

Yatupasayo

Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, kama Rwanda ilivyofanya mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Baada ya yote niliyoeleza, naona hekima ya amri hiyo. Mifuko ndiyo migumu kuliwa, basi ndiyo iliyostahili kuondolewa kwanza. Iliyobaki ardhini tangu zamani, pamoja na vifuko na kamba, tuiokote kabla mifugo haijaifikia.

Chupa zina tumaini kubwa zaidi, kwa sababu vimeng'enya vyake vimekwisha kupatikana, tena mijini wako wanunuzi wa chupa kwa kilo. Lakini kimeng'enya cha PET hakili polithini, na kiwanda chataka PET iliyo safi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha, na kazi hiyo haitaki mashine. Tazama chini ya chupa: PET ina alama ya pembetatu yenye namba 1. Kifuniko si ndugu wa chupa. Ni plastiki nyingine. Asiyeamini akate kipande cha chupa na kipande cha kifuniko, avitie katika beseni la maji na kuvisukuma vyote chini kwa kidole. Cha chupa kitabaki chini, cha kifuniko kitaelea. Kisha chupa zikanyagwe ziwe bapa, maana chupa isiyokanyagwa ni upepo mtupu, na hakuna mwenye lori atakayechukua upepo kutoka Ulyankulu hata Tabora kwa bei nafuu. Wapagazi wa zamani walijua kufunga mzigo, nasi tujue.

Chama cha Sayansi kimeweka mapipa mawili nyuma ya maabara, moja la chupa na moja la vifuniko. Twaomba kila darasa litumie mapipa hayo, na wazazi wajao kututembelea waweze kuleta chupa za nyumbani.

Mwisho nasema na wenzangu wa vidato vya chini mnaochagua masomo. Bakteria wa Sakai alipatikana katika uchafu wa mahali pa kukusanyia chupa, na kimeng'enya cha Toulouse kilitoka katika mboji ya majani. Walaji wa plastiki hutafutwa mahali ambapo plastiki imekaa pamoja na udongo, majani na unyevu kwa muda mrefu, na mahali pa namna hiyo tunapo. Aliyesoma baiolojia na kemia kwa bidii aweza siku moja kuja na chupa za sampuli kuutafuta udongo wetu. Mpaka siku hiyo, mikono yetu na iendelee kuokota.

Mwanachama wa Chama cha Sayansi, Kidato cha Nne